Kila Nikiacha Waragi, Tumbo Ndilo Linalonirudisha

Mama Musawo, muuguzi wetu, salamu sana.

Mimi ni fundi wa malori hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, nina miaka 41, mke mmoja na watoto wanne. Nakunywa waragi, pombe kali ya kienyeji, ile ya kupikwa, mwaka wa tisa huu. Mwanzoni ilikuwa ya jioni baada ya kazi. Siku hizi bila glasi mbili za asubuhi mkono haushiki spana. Mpaka usiku nimemaliza kama chupa ya nusu lita, na siku za pesa nzuri zaidi ya hapo. Jumapili tunakaa na wenzangu kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi, lakini malwa mimi siihesabu.

Nataka kuacha, na sijalazimishwa na mtu. Mwezi wa pili nilisahau kukaza boliti za gurudumu la nyuma. Dereva akahisi lori linayumba kabla hajafika Tororo, akasimama. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Shida ni tumbo. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu tumbo ndilo lililonishinda. Mara ya kwanza niliacha usiku, kesho yake mchana kichefuchefu kikaanza, jioni natapika nyongo ya njano chungu, jasho, kutetemeka, na kuendesha kama bomba lililopasuka. Mke wangu akanipeleka kliniki moja hapa karibu. Wakasema malaria bila hata kunichoma kidole, wakanipiga sindano na dripu. Siku ya tatu nikaona nakufa, nikatuma mtoto kwa jirani aniletee glasi moja. Nusu saa haikupita, kila kitu kimetulia. Sasa niambie, Mama, kama ilikuwa malaria, mbona waragi iliitibu?

Mara ya pili nilijiandaa. Nilinunua dawa ya vidonda vya tumbo, Flagyl ya kuendesha na diklofenaki ya maumivu. Mke wangu anasema usiku wa pili nilianguka mlangoni mwa msalani, nikakakamaa, nikatikisika na kuuma ulimi. Mimi sikumbuki. Nadhani ilikuwa njaa, maana sikuwa nimekula siku mbili, ingawa mama mkwe anasema kuna mtu wa gereji amenitupia kitu. Asubuhi nikanywa. Mara ya tatu sikumaliza hata siku mbili, maji yenyewe yalikuwa hayakai.

Mwisho wa mwezi bosi amenipa wiki moja. Nataka nijifungie chumbani hadi iishe, bila mtu wa gereji kujua. Nile nini? Ninywe nini? Dawa gani ya dukani itanyamazisha tumbo siku hizo tatu? Na je, nikishuka kutoka waragi hadi malwa kwanza, si itanisaidia? Mke wangu tayari amechuma mululuza, yale majani machungu yanayonywewa kwa malaria, anichemshie.

Fundi, Malaba

*

Mwanangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata tumbo, kama ulivyotaka. Mara ya pili nikasimama pale mlangoni mwa msalani. Jambo hilo umeliandika kwa haraka, katikati ya Flagyl na njaa, kisha ukakimbilia mbele. Mimi nitaanza nalo, uniwie radhi, halafu tumbo nitalipa haki yake.

Ile haikuwa njaa. Na mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba gereji haihusiki. Kukakamaa, kutikisika, kuuma ulimi na kutokumbuka kitu ni mshtuko wa kifafa unaoletwa na kukosa pombe ghafla. Huwapata watu wasiokuwa na kifafa hata kidogo, na mara nyingi huja kati ya masaa 6 na masaa 48 tangu glasi ya mwisho. Wako ulikuja usiku wa pili, hapohapo kwenye hesabu. Aliyewahi kuupata mara moja yuko karibu zaidi na kuupata tena, na kila unapoacha ghafla na kurudia, safari inayofuata huelekea kuwa kali kuliko iliyopita. Ndiyo sababu ule mpango wa kujifungia chumbani peke yako siukubali. Wiki ya bosi ipokee, ila kaitumie hospitali.

Umeuliza swali zuri kuhusu malaria, na nilicheka kidogo kabla ya kusikitika. Wewe ni fundi, nitakujibu kwa lori. Chukua lori ambalo breki zimejamu, nalo halijaondolewa barabarani. Dereva afanye nini? Anakanyaga mafuta zaidi ili gari liende mwendo wake wa kawaida. Akiendesha hivyo miaka tisa, mguu unazoea. Siku moja unakuja wewe na spana, unafungua breki kwa mkupuo mmoja huku mguu bado uko chini kwenye mafuta. Pombe ndiyo breki. Kila siku inatuliza ubongo na neva, na mwili umejibu kwa kukanyaga mafuta. Ukiiondoa ghafla, mafuta yanabaki: moyo mbio, jasho, mikono kutetemeka, usingizi kukimbia. Na tumbo lina neva zake nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa hiyo nalo linakwenda mbio, linakaza, linatapisha, linaharisha. Glasi moja ya waragi inarudisha breki, kila kitu kinatulia kwa nusu saa, nawe unaona umepata dawa. Hakuna kilichopona hapo.

Juu ya hilo, utumbo wenyewe umechubuka. Waragi kali kila asubuhi kabla ya chakula huunguza ngozi ya ndani ya tumbo, huongeza kiungulia, na huharibu ile kazi ya utumbo mdogo ya kuvuta maji na chakula. Ndiyo maana hata siku unazokunywa choo chako, naamini, si kigumu. Hukuliandika, lakini nimeuguza wanywaji wengi wodini, nami najua swali hilo watu huliona aibu.

Ile kliniki kukutibu malaria bila kipimo, sitasema mengi. Kutetemeka, jasho, kutapika na kuishiwa nguvu ni picha ileile ya malaria, na huku kwetu malaria ipo kweli, tena mnywaji naye huugua malaria. Kwa hiyo kila mara dai wakuchome kidole. Kipimo cha haraka hakimalizi nusu saa. Kikionyesha malaria, utibiwe yote mawili. Kisipoonyesha, mtu asikulipishe sindano ya ugonjwa usiokuwa nao huku ule ulio nao haujatajwa.

Sasa siku zenyewe zinavyokwenda, ili usishtuke. Kichefuchefu na mikono kutetemeka huanza masaa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Kuanzia ya nne mambo hushuka, na wengi hufika siku ya tano au ya saba wakiwa wanakula. Uliponiandikia kwamba siku ya tatu uliona unakufa ukatuma mtoto, nilihuzunika, maana ulikuwa umekaribia kileleni kabisa. Lakini sikulaumu. Siku hizohizo, kuanzia ya pili hadi ya nne, ndipo baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na marehemu, mwili unachemka homa, hawajui walipo. Hali hiyo huua, na chumba kilichofungwa kwa ndani ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuwa nayo.

Basi utakwenda wapi? Tororo iko karibu nawe na ina hospitali ya serikali. Wakiona inawashinda watakupeleka Mbale, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo ina kitengo cha afya ya akili. Usiogope jina hilo, haimaanishi wewe ni mwendawazimu, ni kwamba wahudumu wa huko wanaijua kazi hii. Kampala kuna Butabika, hospitali kuu ya afya ya akili, yenye wodi yake ya pombe na dawa za kulevya, ila kwako si lazima uanzie mbali hivyo.

Ukifika, sema wazi mambo matatu: kiasi unachokunywa, saa ya glasi ya mwisho, na ule mshtuko wa usiku wa pili. Kiasi kitaje kwa chupa. Waragi ya jerikeni haina lebo, daktari hawezi kujua ukali wake, lakini nusu lita kwa siku ataielewa. Wataalamu huwapa watu kama wewe diazepamu kwa siku 3 hadi 7, wakiipunguza kidogo kidogo. Hiyo ndiyo breki ya muda, inayoachiliwa taratibu badala ya mkupuo, na ndiyo dawa hasa ya kutapika kwako na kutetemeka kwako, kuliko kidonge chochote cha tumbo. Najua inauzwa kichochoroni pia. Usiinunue huko. Diazepamu pamoja na waragi huzima pumzi ya mtu akiwa amelala, na asubuhi nyumba inasikia kilio.

Jambo jingine la kulisema wewe au mke wako bila haya: thiamini, yaani vitamini B1. Pombe huimaliza mwilini na tena huzuia utumbo usiivute kutoka kwenye chakula. Ikikauka kabisa, mtu anachanganyikiwa, macho yanachezacheza, miguu inapepesuka, na watu wa nyumbani wanasema huyu bado amelewa, mwacheni alale. Akiachwa hivyo anaweza kubaki na akili isiyoshika kumbukumbu maisha yake yote. Kwa mtu anayetapika vidonge havitoshi, hupewa kwa sindano, na inapaswa kutangulia au kwenda pamoja na dripu ya sukari, isichelewe nyuma yake, kwa sababu sukari hula kile kidogo kilichobaki. Ile dripu ya kliniki yako sijui ilikuwa ya nini. Safari hii uliza kwa upole: musawo, thiamini imetangulia? Wauguzi wazuri hawakasiriki.

Hospitali ya serikali haitakutoza kitanda, lakini dawa huisha stoo, unalijua hilo. Weka akiba ya kununua thiamini nje. Na huku kwetu mgonjwa bila mtu wa kumhudumia hahesabiki amelazwa, kwa hiyo mke wako aende nawe na beseni, shuka, flaski na kijiko cha chai. Kijiko hicho nitakirudia.

Kabla ya siku ya safari, tafadhali, usikate. Wengi huwa wanaacha Jumamosi ili Jumatatu wafike kwa daktari wakiwa wasafi, na wanaangukia njiani ndani ya takisi. Wewe endelea na kiasi chako bila kuongeza, na kama unaweza kukipunguza kidogo kidogo bila kutetemeka, sawa. Kula kila siku kitu chenye nguvu: maharagwe, karanga, mukene (dagaa), yai. Pikipiki usiendeshe mwenyewe.

Hapo malwa inaingia. Nakuelewa, watu husema malwa ni uji tu, mtu hajapata kufa kwa malwa. Lakini wewe usiyeihesabu ndiwe utakayeshindwa kuipima. Chungu kinaongezwa maji moto mchana kutwa, mirija ni kumi, nani anajua amevuta kiasi gani? Kupunguza kunataka kipimo. Kama utapunguza wiki hii ya kusubiri, punguza ile nusu lita yako kwa chupa uliyoweka alama ya kalamu, mke wako akiiona, na chungu cha Jumapili kiwasubiri wenzako. Na ungali unakunywa ile ya kupikwa, angalia macho yako. Mwaka 2010 kule Kabale waragi iliyochanganywa methanoli iliua makumi ya watu. Ukiona ukungu mbele ya macho, kichwa kikigonga na pumzi zikienda haraka, usidanganyike kwamba ni hangova, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tumbo.

Adui wa kwanza ni ukavu. Unatapika, unaharisha, unatoka jasho, vyote kwa mpigo, na chumvi za mwili zinatoka pamoja na maji. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, koroga kwenye lita moja kamili ya maji safi, isiwe kwenye glasi, na ikipita siku moja mwaga utengeneze nyingine. Ukiikosa, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu.

Sasa kijiko. Wewe uliandika kwamba maji hayakai, na najua ulivyoyanywa: kikombe kizima kwa kiu, mara moja. Tumbo lililokasirika likijazwa hivyo linarudisha. Mke wako akae karibu na kikombe na kijiko cha chai. Kijiko kimoja mdomoni. Dakika moja au mbili. Kijiko kingine. Ukitapika, msubiri kama dakika kumi, kisha muanze tena polepole zaidi. Inachosha kuliko kubeba gia boksi, lakini vijiko vya saa moja vikikaa ni vingi kuliko lita iliyoishia kwenye beseni. Nimewaona wanaume wakubwa wakilishwa hivyo na wake zao usiku mzima, wanalalamika, asubuhi wanakojoa. Mkojo ndio kipimo chako: ukiwa mweupe au wa njano hafifu unaendelea vizuri, ukiwa kama chai ya rangi, au masaa nane yamepita hakuna kitu, mwite muuguzi.

Soda isiwe dawa. Sukari nyingi huvuta maji utumboni na kuharisha kunazidi. Kahawa iache. Chai ya tangawizi nyepesi huwatuliza wengine kichefuchefu, ijaribu. Maziwa yasubiri wiki moja au mbili, maana utumbo uliochoshwa na pombe hushindwa kuyasaga vizuri na hukulipa kwa gesi na kuendesha.

Chakula usikilazimishe siku ya kwanza. Tumbo likianza kutulia, uji wa ulezi mwepesi, nusu kikombe, baada ya masaa mawili nusu nyingine. Kisha wali uliolainika, viazi, matoke ya kuchemsha, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Ndizi mbivu ndogo, sukali ndizi, ni nzuri, inarudisha potasiamu uliyoiharisha. Roleksi (chapati ya mayai), katogo ya matumbo na pilipili vingoje. Na hapa nakuonya, kwa sababu siku ya nne au ya tano njaa itarudi kama mdai: mwili uliokaa siku nyingi bila chakula hushtuka ukijazwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo huweza kuyumba. Usililipe tumbo madeni ya wiki nzima kwa sahani moja ya posho (ugali). Kidogo, mara sita kwa siku.

Bushera pia uangalie. Ya leo ni uji mtamu, ila iliyokaa siku kadhaa imeshachacha na ni pombe kama pombe nyingine. Mama mkwe anaweza kukuletea kwa mapenzi tu. Muulizeni ilipikwa lini.

Na mululuza, mwambie mke wako ninamheshimu kwa kuchuma, lakini wiki hii uachwe juani. Ni mchungu sana, na mtu anayetapika hahitaji sababu nyingine ya kutapika. Wala haufanyi kazi ya kipimo cha malaria.

Lile furushi lako la duka la dawa ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote hizo huchubua tumbo ambalo tayari limechubuka, na huweza kulifanya litoe damu. Zitupe. Flagyl, yaani metronidazoli, ni dawa ya vijidudu fulani. Kuharisha kwako hakukuwa kwa vijidudu hivyo, na dawa hiyo haipatani na pombe: ile asubuhi uliyokunywa juu yake, uso unaweza kuwaka, moyo kudunda na matapishi kuzidi. Kama kichwa kinauma, parasetamo, lakini kwa ini la mnywaji usipite vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima. Dawa ya kupunguza asidi inaweza kusaidia kiungulia, hiyo uliyonunua haikuwa kosa, mwonyeshe tu daktari. Dawa ya kuzuia kutapika na ya kuzuia kuharisha achague yeye, kwa sababu ya ule mshtuko wako na kwa sababu kuharisha kukiwa na damu au homa hakuzuiwi, hutafutiwa chanzo.

Yapo mambo ambayo hata saa nane za usiku hayasubiri asubuhi. Kutapika damu, au kitu cheusi kama masalia ya kahawa. Choo cheusi kinachonata kama lami ya barabara na kunuka vibaya (kama unameza vidonge vya kuongeza damu, sema, maana navyo hukifanya choo kiwe cheusi). Maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni, ambayo hupungua kidogo ukiinama mbele: hilo laweza kuwa kongosho limevimba. Macho ya njano. Homa. Kuchanganyikiwa. Mshtuko mwingine. Ukiwa wodini, mke wako asione aibu kumwamsha muuguzi kwa lolote kati ya hayo. Ukitoka wodini na likatokea nyumbani, rudi.

Baada ya wiki ya kwanza tumbo bado litakuchezea. Watu hawaambiwi hili, wanadhani wamepona vibaya. Mtu aliyekuwa akiendesha kila siku anaweza kukaa siku tatu bila choo, kisha gesi, kisha hamu ya vitu vitamu kama mtoto. Kunywa maji, kula mboga na maharagwe, tembea. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kiungulia kikiendelea zaidi ya hapo, omba kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, badala ya kununua dawa za vidonda mwaka hadi mwaka kwa kubahatisha. Omba pia waangalie ini na homa ya ini aina ya B. Na kabla hujaruhusiwa, waulize kuhusu mpango wa kukaa bila pombe: kuna ushauri nasaha, na kuna vikundi vya watu waliokwisha kuacha wanaokutana kila wiki. Tumbo likipona na chungu cha Jumapili kiko palepale, wewe na mimi tunajua kitakachofuata, kwa hiyo hilo nalo liwe na mpango kabla hujarudi Malaba.

Kuhusu siri. Gereji haihitaji kujua. Waambie unaugua tumbo, ni kweli tupu. Lakini mke wako asikae nje ya mlango. Yeye ndiye aliyeona ulipoanguka, wewe hukumbuki, na daktari atataka kusikia kwake: ulikakamaa kwanza au ulitikisika kwanza, kwa muda gani, ulijikojolea au la, uliamka ukiwa na akili zako au ulikuwa kama mgeni nyumbani kwako. Yatokee tena kabla hamjafika, akulaze ubavu, asikutie kijiko wala kitambaa mdomoni, aondoe vitu vigumu karibu na kichwa, atafute gari. Na mwambie aendapo kwa daktari asiongee kwa kukulinda. Kama ni zaidi ya nusu lita, aseme.

Ulimi wako nao waonyeshe. Kovu, kama lipo, litakuwa pembeni.

Mama Musawo